Kucha za sungura wako haziishi kurefuka? Geuza mguu kwanza

Ukimsikia sungura anatembea kwenye sakafu ya saruji na kila hatua inatoa sauti ya tak, tak, tak, ujue kucha zimeshapita urefu wake. Sungura mwenye kucha za kawaida hasikiki. Manyoya ya nyayo ndiyo yanayogusa chini, na kucha zinachungulia kidogo tu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na mara nyingi kinatosha.

Ninafuga hapa Moshi, upande wa Rau, na majirani wamezoea kuniletea sungura wao kwenye kapu au boksi ili niwakatie. Nawakatia kwa moyo mmoja. Ila kabla sijashika nelikata nageuza mguu nikautazama chini, maana kucha ndefu ni dalili. Kilichozirefusha kiko kwenye sakafu ya banda, kwenye uzito, au kwenye maumivu ambayo mnyama hawezi kuyasema. Ukikata bila kukitafuta, baada ya mwezi mko palepale.

Kabla ya yote, hesabu. Sungura ana kucha 18: tano kwa kila mguu wa mbele na nne kwa kila mguu wa nyuma. Wengi wanaoniambia "nimeshamkata zote" wamekata 16, na hizo mbili zilizosahaulika tutazifikia.

Kucha zote zimerefuka kwa pamoja

Hapa sababu karibu kila mara ni banda. Asili ya sungura tunaowafuga ni Hispania na Ureno, ambako ndugu zao wa porini wanachimba mashimo na kukimbia juu ya changarawe. Kucha zao zinaota bila kukoma kwa sababu zinasagwa bila kukoma. Sisi tumemweka kwenye banda la mbao lenye miguu, sakafu ya waya, ili kinyesi kidondoke chini na kwenda kwenye migomba. Kwa mbolea ni mpango mzuri sana. Kwa mguu wa sungura ni mbaya: waya hausagi chochote, na vidole vinazama kwenye matundu.

Tena mbwa na paka wana nyama nene chini ya vidole inayobeba uzito. Sungura hana, ana manyoya tu. Kucha zikirefuka, vidole vinanyanyuka, uzito unahamia nyuma kwenye kisigino, na manyoya ya hapo yanaanza kuisha. Ndiyo maana kucha ndefu na vidonda vya nyayo huwa vinaongozana.

Usibomoe banda. Funika sehemu ya waya kwa ubao au kipande cha plaiwudi ambacho sungura anaweza kujilaza mzima mzima, kisha mwaga nyasi kavu juu yake, nyingi, si za kuhesabu. Wakati wa masika, na kwa walioko Arusha hata ile Juni na Julai ya manyunyu na baridi, zibadilishe kila siku. Nyasi zilizolowa mkojo zinalainisha ngozi, na ngozi iliyolainika ndiyo inayopasuka.

Halafu weka jiwe. Huku kwetu mawe ya volkano yako kila kona, huna haja ya kununua kitu. Tafuta lililo bapa, lenye mkwaruzo wa wastani, ukiepuka lile lenye vitundu vya kukata mkono. Lioshe, likauke juani, uliweke mbele ya chombo cha chakula. Sungura anakula saa nyingi kwa siku. Akisimama hapo kila anapokula, kucha za mbele zinasagika zenyewe. Nimeona watu wanabandika msasa kwenye ubao wakidhani ni njia ya mkato. Msasa unakwangua nyayo kabla haujamaliza kucha, tafadhali uache.

Kama una nafasi, mpe beseni la zamani lenye udongo mkavu wa shambani, uliochotwa mahali ambapo mbwa na paka hawajisaidii. Atachimba. Siku ya kwanza atakumwagia udongo wote nje, ya pili vilevile, umvumilie. Kuchimba ndiyo kazi ambayo kucha hizo ziliumbiwa.

Hata ukifanya yote haya bado utakata, ila kidogo na kwa nafasi. Sungura wengi wa bandani wanahitaji kukatwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mzee na mnene huhitaji mapema zaidi kwa sababu hawatembei vya kutosha.

Mguu mmoja una kucha ndefu kuliko mwingine

Hii ndiyo dalili iliyonifanya niandike.

Nilikuwa na jike la aina ya California, jina lake Mashavu, kilo 4 na ushee. Kila nilipomkata, kucha za mguu wa nyuma wa kushoto zilikuwa zimezidi za kulia kama nusu sentimita. Nikazikata zikalingana. Mwezi uliofuata, hali ileile. Nikasema ni maumbile yake. Mwezi wa tano, mdogo wangu aliyekuwa ananishikia akamnyanyua juu kidogo kuliko kawaida, jua la asubuhi likapiga unyayo, akaniambia, "Dada, hebu ona hapa." Chini ya kisigino palikuwa na duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi 50, halina unyoya hata mmoja, jekundu linalong'aa, na katikati yake kikoko cheusi kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilipogusa kandokando kwa kidole akavuta mguu wake akaukunja tumboni na kubaki ameukunja vile.

Miezi mitano alikuwa anasimamia miguu mitatu mbele ya macho yangu. Kucha za kushoto zilirefuka kwa sababu mguu ule haukuwa unakanyaga. Mimi nilikuwa nalinganisha kucha, na kidonda kinaendelea kuchimba.

Kwa hiyo ukiona mguu mmoja umezidi, simamisha kukata na ufanye hivi. Mwache atembee juu ya sakafu yenye vumbi au unga kidogo, utazame alama za miguu: ule unaoacha alama hafifu ndio unaouma. Mgeuze kidogo, tenga manyoya ya unyayo kwa vidole, angalia kisigino na chini ya vidole. Kisha papasa mguu mzima taratibu kuanzia nyonga hadi vidoleni, ukilinganisha na mwenzake: joto, uvimbe, kiungo kisichokunjika. Sungura mwenye miaka mingi anaweza asiwe na kidonda chochote, viungo tu vinamuuma kama babu wakati wa baridi, na naye kucha zake zitasema hivyohivyo.

Ukikuta kipara kidogo cha rangi ya waridi, ngozi kavu na nzima, kata kucha, badili sakafu, mkague kila wiki. Wengi huishia hapo. Ngozi ikiwa nyekundu na imevimba, sakafu peke yake haitoshi, mwite daktari wa mifugo. Kidonda kikiwa wazi, au pana uvimbe mgumu, usisubiri Jumatatu, maana maambukizi yanaweza kufika kwenye mfupa. Usaha wa sungura si majimaji kama wa ng'ombe, ni mzito kama jibini, kwa hiyo hautoki wenyewe hata ukikamua, na kukamua kunamuumiza bure.

Na jambo hili nalisema kwa herufi nzito moyoni mwangu: usimpe amoksilini ya dukani. Najua iko kwenye kabati la kila nyumba. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura zinaua vijidudu vyema vya tumboni mwake, wale wabaya wanatawala, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Kidonda cha mguu kinatibika, tumbo lile kwa kawaida halirudi.

Mashavu alitibiwa, akalalia nyasi kavu, na ilichukua karibu miezi mitatu manyoya ya kisigino kurudi. Kucha za miguu yote miwili zikaanza kulingana zenyewe.

Ukucha mmoja wa mbele umejikunja kama ndoana

Huo ni ukucha wa gumba, ule wa ndani ya mguu wa mbele, juu kidogo ya vingine. Ndizo zile mbili za kusahaulika. Haugusi ardhi kamwe, kwa hiyo hakuna jiwe wala udongo utakaousaga, ni wako wewe wa kuukata. Ukiachwa unazunguka na kurudi kwenye nyama. Ukiukuta umeshaingia, kata sehemu iliyo nje, uvute kipande taratibu, safisha tundu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, na umwonyeshe mtaalamu kama pamevimba.

Kucha zozote zilizojikunja kwa kutelekezwa muda mrefu zina tatizo jingine: sehemu hai ya ndani, yenye damu na mishipa ya fahamu, imerefuka pamoja nazo. Nitaiita kiini. Huwezi kuzirudisha kwenye urefu wake kwa siku moja. Kata ncha tu, subiri wiki moja au mbili, kiini kitarudi nyuma kidogo, ukate tena ncha. Ndani ya miezi miwili mitatu utakuwa umefika.

Kucha ni nyeusi, sioni pa kukata

Ukiwa na New Zealand mweupe umebahatika: kucha zake ni kama kioo, kiini kinaonekana kama uzi wa waridi ndani, unakata milimita 2 au 3 mbele yake. California na Chinchilla wana kucha nyeusi, na hapo ndipo mikono ya watu inatetemeka.

Washa tochi ya simu. Ishike chini ya ukucha, mwanga ukipanda juu, wewe ukitazama kutoka juu, ukiwa mahali penye kivuli. Kwenye ukucha uliozoea kukatwa utaona sehemu ya mbele imepata rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na nyuma yake giza linaanza ghafla. Giza hilo ni kiini. Kama mwanga haupiti kabisa, minya ukucha kwa nelikata bila kukata, nusu ya nguvu. Akivuta mguu, uko karibu mno, sogea mbele. Asipovuta, kata kipande chembamba kama punje ya mchele, utazame pale ulipokata. Pakiwa pakavu na pa kijivu, bado una nafasi. Ukiona kitone cheusi chenye unyevu katikati, simama, umefika.

Kifaa kiwe kikali. Nelikata kubwa ya kucha za miguu za watu inafaa kwa sungura wengi, mradi ni mpya au haijachoka. Butu haikati, inaponda, na ukucha uliopondwa unapasuka kwa urefu mpaka ndani. Kiwembe sikishauri kwa mtu yeyote.

Damu imetoka

Imetokea kwangu, itatokea kwako. Usimwachie akimbie. Chukua pamba safi au kitambaa, bana ncha ya ukucha kwa dakika 5 kamili bila kufunua kuchungulia. Halafu chovya ncha kwenye wanga wa mahindi ule wa kuungia supu, au unga wa ngano kama wanga hakuna, ubane tena. Kwa kawaida inakata. Mweke juu ya taulo safi, si nyasi wala udongo, kwa saa chache ili uchafu usiingie. Ikipita dakika 15 inaendelea kuchuruzika, ni kazi ya daktari.

Jivu la jikoni na mafuta ya taa ambavyo bibi zetu walitumia, viache. Jivu linaingiza uchafu, mafuta ya taa yanaunguza, na sungura atayalamba.

Ukucha umeng'oka au umevunjika shinani

Mara nyingi ni waya. Ukucha mrefu ulinasa, akashtuka, akavuta. Zuia damu kama nilivyosema, osha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, mhamishie kwenye sakafu ya nyasi kavu mpaka papone. Kipande kinachoning'inia kikatwe kama kinashikiliwa na uzi tu. Kikishikiliwa na nyama mwachie daktari. Ukucha huwa unaota tena kama shina halikuharibika, ila huweza kuja umepinda, basi uwe unaukata mara nyingi zaidi ya wenzake.

Ukishamaliza, rudi bandani upitishe mkono wako mtupu juu ya waya wote, polepole. Ncha iliyomng'oa ukucha bado iko hapo.

Ukoko mweupe kuzunguka kucha

Watu wanauona wakadhani ni uchafu au kucha zimezeeka. Ukoko wa kijivu au mweupe, mgumu, unaofunika mizizi ya kucha, na mara nyingi uko pia puani na kwenye kingo za masikio, ni upele. Unaletwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaochimba ndani ya ngozi. Kukata kucha hakusaidii kitu hapa, na kubandua ukoko kunamuumiza. Mtenge na wenzake siku hiyohiyo, vaa glavu au mfuko wa nailoni mikononi, kwa sababu wadudu hao wanaweza kukuwasha hata wewe.

Dawa yake ni ivamektini ya sindano na inafanya kazi vizuri, lakini kipimo ndicho kinachoua. Ile ya asilimia 1 inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ina miligramu 10 katika kila mililita, imetengenezwa kwa ng'ombe. Sungura wa kilo 2 hafikishi hata moja ya kumi ya mililita. Afisa mifugo wa kata yako ampime uzito, amchome yeye, na akupangie siku ya kurudia, kwa kuwa sindano moja haimalizi mayai. Kama unafuga kwa ajili ya nyama, muulize ukae siku ngapi kabla ya kuchinja. Dawa ya kunyunyizia mbwa yenye fipronil usimguse nayo kabisa. Mbwa anaivumilia, sungura inamuua.

Hashikiki, anapiga mateke

Naomba usipite haraka hapa. Mifupa ya sungura ni myepesi mno ukilinganisha na misuli ya miguu yake ya nyuma. Akirusha teke la nguvu huku umemshika vibaya, anaweza kujivunja mgongo mwenyewe, mikononi mwako. Masikio si mpini. Usimnyanyue kwa masikio hata kama ndivyo unavyoona wanavyofanya sokoni.

Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umkumbatie kifuani. Meza itandikwe gunia au taulo, kwa sababu akiteleza anaogopa na akiogopa anaruka. Mimi natumia taulo nzito la mtumba la Kiboriloni: namfunga mwili mzima kichwa kikiwa nje, nachomoa mguu mmoja, nakata, naurudisha, nachomoa mwingine. Wawe watu wawili, mmoja kazi yake ni kushika tu. Fanya asubuhi, hasa Januari na Februari Moshi inapowaka, maana sungura aliyefungwa taulo kwenye joto la mchana anaweza kuzimia. Leo ukiweza miguu miwili tu, kesho malizia.

Kuna wanaomlaza chali mpaka atulie kama amelala, wakafurahi. Hajalala. Ameganda kwa hofu, kama anavyofanya mnyama aliyeshikwa na mbweha, na moyo wake unakwenda mbio. Ukihitaji kuona nyayo, mketishe kwa makalio mapajani mwako, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, sekunde chache tu.

Ukimaliza, mpe majani anayoyapenda, kisha umtazame. Anatakiwa ale na apate kinyesi siku hiyohiyo. Asipokula kwa saa 12, mpeleke kwa daktari, tumbo limesimama. Akiburuza miguu ya nyuma, mlaze kwenye boksi, usimpapasepapase, mpeleke saa hiyohiyo.

Na simbilisi

Wanaofuga simbilisi, wale wanaoitwa pia guinea pig, wananiuliza kama mambo ni hayahaya. Mengi, ndiyo, isipokuwa wao wana kucha 14, nne kwa kila mguu wa mbele na tatu kwa kila mguu wa nyuma, na nyayo zao ni ngozi tupu, kwa hiyo waya unawaumiza mapema zaidi. Kucha zao za mbele huelekea kujipinda pembeni wanapozeeka. Amoksilini ni sumu kwao vilevile.

Tofauti kubwa iko kwenye chakula. Sungura anajitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, kama sisi. Akiikosa, viungo vinavimba na kuuma, hataki kutembea, vidonda haviponi, na kucha zinarefuka kwa sababu amekaa tu. Ukikuta simbilisi mwenye kucha ndefu anayelia ukimshika miguu, angalia alichokula mwezi mzima kabla hujalaumu sakafu. Mabingobingo makavu peke yake hayamtoshi. Mpe kila siku majani mabichi, na kipande cha pilipili hoho, ambayo pale Tengeru, karibu na Arusha, siku ya soko utaipata mbichi na ya bei ndogo. Kata hoho asubuhi hiyohiyo unayompa, maana ikikaa imekatwa vitamini inapungua, na ile iliyonyauka bandani jioni uitoe.